Nice: tusi lililopanda cheo

Ungemwita mtu ‘nice’ mjini London mwaka 1350, ungejitafutia ugomvi. Ungekuwa umemwita mpumbavu.

Neno hili lilianzia kwenye Kilatini. Scire ni kujua. Likitanguliwa na kikanushi, lilipatikana nescius, yaani asiyejua. (Scire hiyohiyo ndiyo chimbuko la sayansi, kwa hiyo nice na sayansi ni ndugu, ingawa hawafanani hata kidogo.) Wafaransa wa kale walilikata likabaki nice. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa kwa vizazi kadhaa, na hadi kufikia miaka ya 1300 tusi hilo lilikuwa limeshazoeleka kwa Waingereza. Huko Hispania ndugu yake, necio, ni mpumbavu hadi leo.

Kwa Waingereza halikutulia. Kutoka upumbavu lilihamia kwenye uasherati, likageuka kuwa haya na madeko, kisha likamwangukia mtu wa kuchaguachagua: chakula hiki hali, kiti kile hakalii. Mtu wa namna hiyo haachi kuona tofauti ndogondogo, na huenda ndivyo maana ya usahihi ilivyopata mlango. Ukisoma maandishi ya karne ya 16 na 17, mara nyingine huwezi kujua mtu anasifiwa au anasutwa. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ililieleza kuwa ni usahihi, hata ule wa kupindukia.

Maana ya uzuri ilishika kasi baada ya hapo, na wenye lugha yao wakakereka. Jane Austen aliwacheka katika Northanger Abbey, riwaya iliyotoka Desemba 1817, miezi michache baada ya kifo chake. Binti Catherine anakisifu kitabu kwa neno hilo. Kasisi kijana, Henry Tilney, anamtania: bila shaka unasifu jalada lake. Kwake neno ni la unadhifu na ustaarabu, si la kusifia kila kitu. Dada yake anamkata kauli kwa nice ileile, safari hii kwa maana ya mtu msumbufu, mwingi wa kuchagua kuliko hekima.

Nami nasimama na dada mtu. Henry alidhani anatetea asili ya neno, kumbe asili yenyewe ni ujinga.

Maana ya usahihi imejificha mahakamani. Wakili wa Kiingereza akisema hoja ya mwenzake ni nice, huenda hajaipenda hata kidogo. Anasema tu kwamba ni nyembamba na inahitaji jaji makini.