Maswali Tisa kwa Mama Mdogo

Mama mdogo anaishi Ruangwa. Mwaka jana alikwenda zahanati mara nne akilalamikia kichwa, mgongo na kukosa usingizi. Mara zote nne alipimwa malaria, na mara zote akarudi na dawa za maumivu. Mimi nilikuwa Nachingwea kwa wazazi, nikiandika tasnifu ya shahada ya uzamili ya historia, nikaenda kumsalimia. Jioni nilifungua simu nikamsomea dodoso la PHQ-9, ambalo mgonjwa anaweza kulijaza mwenyewe mtandaoni.

Dodoso hili ni kazi ya Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke wa Marekani, na utafiti wake ulichapishwa mwaka 2001. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, usingizi, uchovu, hadi wazo la kujidhuru. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Faida yake ni kwamba linajazwa tena na tena, hata kwenye kliniki ya kawaida. Alama zikishuka au kupanda, mhudumu anaona kama tiba inasaidia.

"Mama, umekuwa na huzuni?" nilimuuliza.

"Huzuni ya nini, mwanangu? Sina msiba."

"Na mawazo je?"

Alinyamaza. Kisha akasema, "Mawazo ndiyo yanayonimaliza."

Hapo niliikumbuka historia niliyokuwa nikiisoma. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari, Nairobi. Alidai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Lakini aliwatazama zaidi waliofikishwa hospitali, na wakati wa ukoloni aliyefikishwa huko mara nyingi ni yule aliyeleta vurugu. Anayelia chumbani kimya kimya hakamatwi na polisi. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda, ambako watu waliulizwa hukohuko wanakoishi. Sonona ilionekana kwa wingi kuliko Camberwell, London. Ugonjwa ulikuwapo siku zote. Aliyekosekana ni wa kuuliza.

Na kuuliza kuna lugha yake. Mwaka 2008 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha matokeo ya kipimo cha sonona chenye maswali 19, kilichotengenezwa hapahapa Tanzania. Nilipomsikia mama mdogo akilikataa neno "huzuni" na kulikubali "mawazo", nilielewa kwa nini kazi hiyo ilihitajika.

Vifaa navyo havikuanza na simu janja. Mwaka 2004 watafiti wa Ifakara walipita kaya za wilaya tano za Lindi na Mtwara, Nachingwea na Ruangwa zikiwemo, wakijaza majibu kwenye kompyuta ndogo za mkononi. Walikuwa wakitafuta namna ya kuwakinga watoto wachanga na malaria, kazi iliyohitajika sana. Kwa hiyo teknolojia ilitufikia mapema. Swali la moyo ndilo lililochelewa.

Alama za mama mdogo zilifika 14. Dodoso si daktari. Kuanzia alama 10, anahitajika mhudumu wa kukaa na mgonjwa na kumchunguza zaidi. Niliandika jumla hiyo kwenye daftari lake la matibabu, tukaenda pamoja kituo kingine. Muuguzi aliisoma, akafunga mlango, akaanza kumuuliza upya kwa maneno yake mwenyewe. Walizungumza muda mrefu. Alipotoka alikuwa amepangiwa tarehe ya kurudi.

Tangu hapo, kila baada ya wiki mbili nampigia simu. Nasoma maswali tisa kama yalivyo, kisha naongeza la mawazo, nje ya hesabu. Majibu anakwenda nayo kwa muuguzi. Juzi alama zilikuwa 9. Kabla hatujaagana akaniuliza:

"Na wewe huko chuoni, nani anakuuliza?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilijaza la kwangu.