Habari za Malkia Nzinga

Mara nyingi twasikia ikinenwa ya kwamba utawala ni kazi ya wanaume. Basi na tuyapime maneno hayo kwa habari za Nzinga wa Ndongo, nchi iliyo leo sehemu ya Angola.

Mwaka 1622 nduguye, aliyekuwa mfalme, alimtuma Luanda kufanya shauri la amani na liwali wa Wareno. Yasimuliwa ya kuwa hakuwekewa kiti; akamwamuru mtumishi wake ainame, akaketi mgongoni pake, akanena na liwali kama mtu aliye sawa naye.

Nduguye alipokufa mwaka 1624, Nzinga alishika utawala. Adui zake walidai ya kwamba mwanamke hana haki ya kutawala, na Wareno wakasimamisha mfalme wao. Alifukuzwa, akaitwaa nchi ya Matamba, akapigana miaka mingi, hata mwaka 1656 wakapatana.

Hatusemi mikono yake ilikuwa safi. Aliuza mateka utumwani, na ili kumkomboa dada yake alitoa watumwa 130. Walakini wafalme wanaume wa zamani zake walifanya yayo hayo, wala hakuna aliyesema kosa ni uanaume wao.

Alikufa mwaka 1663. Katika miaka 104 iliyofuata, wanawake walitawala huko miaka isiyopungua 80. Neno lililokuwa shutuma juu yake likawa desturi ya nchi. Basi sisi tuchaguao viongozi, na tuulize kwanza habari za kazi yao.