Inanga na kasi ya wimbi: nani alipima kwanza?

Ukifungua kitabu cha fizikia cha sekondari, sura ya mawimbi, utadhani uzi haukuwahi kutikisika popote duniani mpaka Mzungu alipoutazama. Hebu leo tulijadili jambo hili kidogo, wadau, kwa sababu ushahidi uko karibu sana na sisi.

Ushahidi wenyewe ni inanga, ambayo Wahaya huiita enanga: ubao uliochongwa kama sinia refu, juu yake zimetandazwa nyuzi saba au nane. Chombo hiki utakikuta Rwanda, Burundi, Kigezi kule Uganda, Bushi kule Kongo na mkoani Kagera. Ngara na Biharamulo ziko ndani ya ukanda huo. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilihesabiwa kuwa upande wa Burundi mpaka wakoloni walipoiingiza Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo tusishangae muziki kuvuka mpaka, maana mpaka ndio uliokuja nyuma.

Sasa sikiliza maajabu yake. Zile nyuzi saba au nane kwa kweli ni uzi mmoja! Kwa asili ni kano ya ng'ombe iliyosokotwa, ikapitishwa kwenye meno ya ubao kwenda na kurudi. Unene ni ule ule, urefu karibu ni ule ule. Mbona basi kila mstari unalia sauti yake? Kwa sababu ya mkazo. Mpigaji anavuta hapa, analegeza pale, na msuguano kwenye meno unazuia mkazo wa mstari mmoja usihamie kwa jirani. Anagusa, anasikiliza, anavuta tena.

Huko Ufaransa, padri mmoja aitwaye Marin Mersenne alichapisha mwaka 1636 kanuni za jambo hilo hilo. Alitumia kamba ndefu sana, zinazotikisika polepole kiasi kwamba jicho linaweza kuhesabu. Akaonyesha kwamba ukitaka uzi ule ule ulie oktavu moja juu, mkazo lazima uwe mara nne. Brook Taylor wa Uingereza akafikia kanuni hiyo kwa hesabu miaka ya 1710, na mwaka 1747 d'Alembert akaandika mlinganyo wa wimbi lenyewe. Kwa kifupi: kasi ya wimbi kwenye uzi inategemea mkazo na uzito wa kila mita ya uzi, basi. Na kuipata ni rahisi: zidisha urefu wa uzi kwa mbili, kisha zidisha kwa idadi ya mitikisiko katika sekunde.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki, enanga ya Wahaya ikiwemo. Katika kazi yake alikuwa na uma 54 za chuma za kupimia sauti, kuanzia mitikisiko 212 kwa sekunde hadi 424, zikipandana kwa nne nne. Tuchukue mfano: uzi wa mita 1 unaolia oktavu moja chini ya uma wa 212. Unatikisika mara 106 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi linakimbia mita 212 kwa sekunde. Hizo ni zaidi ya kilometa 760 kwa saa, juu ya kano ya ng'ombe! Ukiwa na uma, kinachobaki ni rula tu.

Je, nasema babu zetu waligundua mlinganyo? Hapana, na sipendi majigambo ya namna hiyo. Sikio la mpiga inanga hulinganisha kwa usahihi mkubwa, lakini halitoi namba unayoweza kumwachia mtu ambaye hajakusikia ukipiga. Mersenne alihesabu, akaandika. Hiyo ndiyo tofauti, na ni kubwa.

Lakini tazama tunavyofundisha. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliandika tasnifu ya uzamivu kuhusu tenzi za nanga za Wahaya, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986. Maneno yanayoimbwa na enanga yakapata heshima ya kitaaluma. Ubao na nyuzi zake je? Mwanafunzi anakariri habari za sonometa, ambayo ni sanduku la mbao lenye uzi juu yake na mawe ya mizani yakining'inia pembeni. Shule ikikosa sonometa, somo linabaki ubaoni. Wakati huo huo mzee mwenye inanga anaishi kijiji hicho hicho, na akifa anaondoka na sikio lake.

Mimi nasema aitwe darasani angali hai. Yeye avute uzi, wanafunzi wapime urefu na kuhesabu. Watajifunza fizikia, na watajua kwamba jaribio hili lilikuwa nyumbani siku zote, likisubiri mtu wa kuliandika. Au ninyi mnaonaje?