Mpaka Ulihama, Baiskeli Ikabaki



Juzi tulikuwa tumekaa chini ya mwembe tukingoja mkutano uanze. Mdogo wangu mmoja wa kikundi akanionyesha picha kwenye simu yake. Ni watalii wanaendesha baiskeli ndani ya korongo, kuta za mwamba mwekundu huku na huku, pundamilia wanakula nyasi pembeni. Akaniuliza, "Kaka, kweli hawa wanalipa pesa ndio waendeshe baiskeli? Sisi si tunaendesha juu hatuna nauli?"

Tulicheka sana. Lakini swali lake lilinifuata mpaka nyumbani, kwa sababu hiyo sehemu naijua kwa historia, na historia yake inafika mpaka hapa Buhehe. Wacha niwaeleze.

Picha zile ni za Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka wa 1984, ukubwa wake kilomita mraba 68. Ni moja ya hifadhi chache za Kenya ambapo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya wanyama, maana simba na ndovu si wa kawaida pale. Unaingia kwa lango la Elsa, unapita mwamba mrefu uliopewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko mwaka wa 1883, unaendelea mpaka kwenye korongo lenyewe lililochongwa na maji. Mgeni anachotafuta pale ni barabara isiyo na malori wala honi. Analipia kimya.

Sasa sikieni hii. Zaidi ya miaka 120 iliyopita, Naivasha ilikuwa Uganda.

Si hadithi ya kijiweni. Waingereza walipotangaza himaya yao ya Uganda mwaka wa 1894 na kuipanua, mkoa wake wa mashariki ulifika mpaka Naivasha. Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda. Busia zote mbili, ambazo hata hazikuwa mbili wakati huo, zilikuwa ndani ya Uganda. Reli kutoka Mombasa ikafika ziwani Kisumu mwaka wa 1901, na Waingereza wakaona ni shida reli moja kuwa chini ya serikali mbili. Kwa hiyo tarehe 1 Aprili 1902 mkoa huo wa mashariki ulitolewa Uganda ukaunganishwa na ile nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka ulihamishwa kutoka Naivasha ukaletwa huku kwetu, kwenye Mlima Elgon na mito kama Malaba na Sio.

Msamia aliyelala Mganda ng'ambo ya Sio aliamka akiwa upande mwingine, na hakuwa amehama hata hatua moja. Wateso pia waligawanywa, wengine wako Tororo, wengine Amagoro. Mpaka leo ukifanya harusi au matanga hapa Buhehe, nusu ya wageni wanatoka Kenya. Mashemeji wako ng'ambo, shamba liko ng'ambo, na kaburi la babu pia liko ng'ambo.

Hapo ndipo baiskeli inaingia kwenye historia.

Mstari ukishachorwa, watu lazima wauvuke. Pale Busia na Malaba kuna nafasi kati ya kituo cha Uganda na kituo cha Kenya. Basi au matatu ilikuwa inakushusha upande mmoja, halafu unabaki na mzigo wako juani. Kuanzia miaka ya 1960 vijana wa hapa waliona kazi. Walifunga mto wa sponji kwenye keria ya baiskeli, wakawa wanawabeba abiria kutoka boda moja mpaka boda nyingine, wakiita kwa sauti, "Boda-boda! Boda-boda!" Jina likashika. Leo ukienda Dar es Salaam au Nairobi utasikia watu wanaita boda, na wengi wao hawajui kwamba jina hilo lilizaliwa kwenye vumbi letu.

Lakini baiskeli haikupita barabara kuu peke yake. Ilipita pia zile njia ndogo, kati ya mihogo na mtama, zinazoshuka mtoni. Watu wanaziita njia za panya. Hizo ndizo barabara za kimya za huku kwetu, na kimya chake si cha starehe.

Wazee wanaokumbuka miaka ya 1970 wanajua ninachosema. Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka wa 1972, maduka yakabaki matupu, sabuni, chumvi na sukari zikapotea. Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa huko Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda vibaya sana. Mkulima wa Uganda hakuona faida hiyo, maana serikali ilimlipa kidogo tena kwa shilingi isiyonunua kitu. Upande wa Kenya kahawa hiyo hiyo ilileta pesa ya maana. Basi magunia yakapanda baiskeli. Soko la Chepkube, kule Bungoma karibu na mpaka, lilipata umaarufu kwa sababu ya kahawa hiyo. Watu waliita biashara hii magendo, na kwa familia nyingi magendo ilikuwa ndiyo chakula.

Haikuwa mchezo. Mwaka wa 1975 Amin alitoa amri ya kuunda mahakama ya makosa ya uchumi, na mtu wa magendo angeweza kuhukumiwa kifo. Mtu aliyesukuma baiskeli usiku alifunga kengele kwa kitambaa isilie. Hakuwasha taa wala hakukohoa. Fikiria tofauti: mtalii wa Naivasha anafurahia kusikia ndege, na huyu anaomba Mungu hata ndege wasishtuke.

Sasa kuna jambo moja ambalo ningetaka tulifikirie vizuri sisi vijana. Februari 1976 Amin alisimama akasema kwamba sehemu kubwa za magharibi ya Kenya, mpaka karibu na Nairobi, zilikuwa za Uganda zamani. Ukifungua vitabu, hakutunga yote. Ni ule mpaka wa kabla ya 1902. Lakini alichotaka kufanya na ukweli huo ni kutisha jirani. Kenya ilikasirika, vita ilinukia, mwishowe akalegeza. Mwaka uliofuata, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika.

Kwa hiyo historia ileile inaweza kutumiwa kwa njia mbili. Kiongozi anaweza kusema, "Mpaka ulikuwa kule, kwa hiyo ardhi ile ni yangu." Na mwananchi wa Buhehe anaweza kusema, "Mpaka ulikuwa kule, kwa hiyo wewe si mgeni kwangu." Mimi nimeishi ndani ya hii ya pili.

Nilivuka Busia Januari 2008. Nilikuwa na miaka sita. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya iliwaka, na maelfu ya watu walikimbilia Uganda kupitia Busia na Malaba. Mama alinikalisha kwenye keria ya baiskeli ya mtu tusiyemjua, akampa begi moja, yeye akatembea nyuma akiwa na mtoto mgongoni. Nakumbuka mgongo wa shati lake, jasho, na jinsi alivyokuwa ananiambia, "Shika vizuri, kijana." Tulipofika mama alitoa pesa. Yule mtu alikataa. Alisema kwa Kisamia neno ambalo mama alilielewa, maana linafanana na la kwetu, halafu akageuza baiskeli akarudi kuchukua wengine. Sisi tulipelekwa kambi ya muda ya Mulanda, Tororo, na baadaye wengi wetu tulihamishiwa Kiryandongo.

Jina lake sikulijua. Lakini nikisoma ripoti zinazosema wakimbizi "walivuka na kupokelewa", najua kabla ya hema na fomu kulikuwa na mtu na baiskeli yake.

Na kuna wengine wasiotajwa. Pale Busia, kwa miaka mingi, watu wenye ulemavu wamekuwa wakibeba bidhaa kuvuka mpaka kwa baiskeli za magurudumu matatu za kusukumwa kwa mikono. Maafisa wa forodha walikuwa wakiwaonea huruma kidogo, na wafanyabiashara wakajua hilo, wakawapa mizigo. Hivyo baiskeli iliyotengenezwa kumsaidia mtu atembee ikawa gari lake la kazi.

Februari 2018 marais Kenyatta na Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpaka pale Busia, ili ukaguzi ufanyike mara moja tu. Ni jambo zuri, malori yanapita haraka. Pikipiki nazo zimechukua abiria wa zamani wa baiskeli, na lami imefika Lumino. Lakini ukitoka lami ukaingia vijijini Buhehe asubuhi, bado utakutana na baiskeli zimebeba mkungu wa ndizi, mitungi ya maji au mama mjamzito anayepelekwa zahanati. Mimi mwenyewe kazi yangu ya kujitolea naifanya kwa baiskeli, na hizo njia ndizo zinanifikisha kwenye nyumba ambazo gari la shirika haliwezi kufika.

Ndugu wa mashirika, nawaomba kitu kimoja. Mnapochora ramani za huku, msiandike tu barabara kuu na kituo cha mpaka. Waulizeni wazee njia za baiskeli ziko wapi. Siku shida ikija, na mpaka huu umeshaona shida nyingi, watu hawatapitia kwa geti. Watapitia kule kule walikopita baba zao.

Na yule mdogo wangu wa simu, nilimjibu hivi jana: siku moja twende Naivasha, tulipe kama wengine, tuendeshe polepole tukipiga kelele. Akasema sawa, lakini kwanza nimtengenezee breki.

Kama nyumbani kwenu kuna mzazi aliyevuka mpaka wowote kwa baiskeli, iwe ni Busia, Bunagana au Kasindi, muulize leo alipita wapi na nani alimbeba. Halafu uandike, tusome hapa.