Avoka wa Mji Mdogo na Sheria ya Watu Wote

Leo tusikilize habari ya avoka mmoja wa Marekani, Thaddeus Stevens.

Alizaliwa mwaka wa 1792, mtoto wa maskini, tena kilema wa mguu. Mwaka wa 1816 alianza kazi ya uavoka huko Gettysburg, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania. Mwaka wa 1821 mama mmoja mtumwa, Charity Butler, alidai tribinalini uhuru wake na wa watoto wake wawili. Stevens alimtetea nani? Alimtetea bwana wa watumwa! Akashinda, na mama yule akabaki mtumwa pamoja na wanawe.

Lakini, ndugu, mtu anaweza kugeuka. Kisha kesi ile, Stevens aliwatetea watumwa waliotoroka, tena bila kuwadai malipo. Mwaka wa 1835, katika bunge la jimbo, aliiokoa sheria ya shule za bure kwa watoto wa maskini. Mwaka wa 1848 akachaguliwa kwenda bunge la taifa.

Vita vilianza 1861. Mwaka wa 1863 askari wa Kusini walichoma kiwanda chake cha chuma. Basi naye alionja kupoteza mali.

Stevens alikuwa mmoja wa waliosukuma katiba ibadilishwe. Mwaka wa 1865 utumwa ulikatazwa nchi nzima. Mwaka wa 1868 waliokuwa watumwa walihesabiwa kuwa raia, na sheria ikapaswa kumlinda kila mtu sawa.

Jambo moja lilimshinda. Alitaka mashamba makubwa ya waasi yagawanywe, kila jamaa ya watumwa wa zamani ipate eka 40. Bunge lilikataa. Hivyo wengi walirudi kulima mashamba ya mabwana wale wale, na mavuno wakagawana nao. Walikuwa raia, lakini raia wasio na udongo.

Alikufa Agosti 1868. Alichagua kuzikwa katika makaburi yasiyobagua rangi.

Wazee, mkikaa katika mkutano, mjiulize: silaha zikinyamaza, nani atasimama kwa ajili ya yule asiye na cheti cha shamba lake? Na sisi tuliokosea jana, tuko tayari kugeuka leo?

Amani iwe kwenu.