Mstari wa ukingo (uchoraji wa vekta)

Mstari wa ukingo ni rangi, unene na mtindo unaopewa njia ya umbo katika programu kama Adobe Illustrator (1987), CorelDRAW (1989) na Inkscape (2003). Njia yenyewe ni hesabu tupu, haina upana.

Katika Soko la Kenyatta, Nairobi, maarufu kwa nyama choma na ususi, bango la kibanda linapaswa kusomeka na mtu anayepita haraka. Hapo ukingo mweupe kuzunguka herufi nyekundu hufaa kuliko pambo lolote. Lakini katika SVG, muundo wa faili za vekta uliopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2001, unene hugawanyika nusu kwa nusu pande zote mbili za njia, hivyo ukingo mnene huimeza herufi. Dawa ni kuuchora ukingo nyuma ya rangi ya ndani. Kona kali za M na N nazo huota miiba. Kikomo cha kawaida cha mwiba katika SVG ni mara 4 ya unene wa ukingo, yaani kona iliyo chini ya takriban digrii 29 hukatwa bapa. Kona za mviringo hupendeza zaidi.

Herufi za bango zikikatwa kwa stika, mashine ya kukata hufuata njia, si unene. Kwa hiyo ukingo hubadilishwa kwanza kuwa umbo.