Kuhamisha tovuti ya nyumbani hadi blogu ya kupanga: Picha ndizo huachwa nyuma

TOVUTI nyingi za shule, makanisa na vikundi vya kijiji huanzia ndani ya tarakilishi moja tu. Kijana mwenye ujuzi huweka humo programu kama XAMPP, ambayo huigeuza mashine ya kawaida kuwa seva ndogo, kisha huongeza WordPress na kuanza kujenga kurasa bila kulipa hata senti na bila kuhitaji intaneti. Kazi huendelea polepole, jioni baada ya jioni, hadi tovuti ikapendeza. Ndipo linapozuka swali: itawafikiaje watu?

Jibu la wengi wasio na fedha za kukodi seva ni kuihamishia kwenye huduma ya bure, hasa WordPress.com. Hapo pana utata wa majina unaowapotosha hata wenye elimu. WordPress ni programu huria iliyotolewa mwaka 2003 na Matt Mullenweg pamoja na Mike Little, na yeyote yule aweza kuitumia na kuibadilisha apendavyo. WordPress.com, kwa upande mwingine, ni huduma ya kampuni ya Automattic, iliyoanza mwaka 2005, inayoendesha programu hiyo katika mashine za kampuni na kwa masharti ya kampuni. Aliyejenga kwa ile ya kwanza hudhani anahamia nyumba ile ile. La hasha! Alikuwa mwenye nyumba, sasa amekuwa mpangaji.

Masharti yenyewe si machache. Mwenye akaunti ya bure hawezi kuleta kiolezo alichokiunda mwenyewe, bali huchagua kimojawapo kati ya vile vilivyoidhinishwa. Hawezi kuongeza programu-jalizi. Akibandika msimbo wa JavaScript katika ukurasa, huduma huufuta kimyakimya anapohifadhi kazi yake. Yale maagizo mafupi ya mabano ya mraba, ambayo programu-jalizi ziliyageuza kuwa fomu au maonyesho ya picha, hubaki yakiwa maneno makavu katikati ya habari. Fauka ya hayo, matangazo ya biashara asiyoyachagua huweza kuonekana katika kurasa zake.

Si ukatili. Katika huduma ya aina hii maelfu ya watu hukaa chini ya paa moja, na msimbo wa mmoja waweza kuwadhuru wote. Mnamo Oktoba 2005, kijana mmoja wa Marekani, Samy Kamkar, alipenyeza msimbo wa JavaScript katika ukurasa wake wa MySpace. Kila aliyeutazama aliambukizwa na kuwaambukiza waliotazama wake, na katika muda usiofika siku moja zaidi ya kurasa milioni moja zilikuwa zimeathirika. Wenye huduma walijifunza kufunga milango.

Hata hivyo, hasara kubwa ya uhamisho haitokani na masharti hayo. Hutokana na jambo ambalo wahusika wengi hawalijui hadi wamechelewa.

WordPress ina agizo la kutoa nakala ya tovuti nzima katika faili moja ya XML. Faili hiyo hubeba makala, kurasa, maoni ya wasomaji, tarehe na majina ya waandishi. Haibebi picha. Hubeba anwani za picha tu. Unapoiingiza faili hiyo upande wa pili, huduma mpya huzisoma anwani, huenda kwenye seva ya zamani na kuzichukua picha moja baada ya nyingine. Ikiwa tovuti ya zamani ilikuwa tayari mtandaoni, kazi hiyo hufanyika vyema.

Lakini tovuti iliyojengwa nyumbani haina anwani ya hadharani. Jina lake ni "localhost", au kwa tarakimu 127.0.0.1, na maana yake ni "mimi mwenyewe". Kila tarakilishi duniani hujiita hivyo. Sisi wahariri tumebishana kwa miaka kama tuandike mdahalishi, wavuti au intaneti; mashine hazina ubishi, hufuata anwani zilivyoandikwa. Seva ya ughaibuni ikiambiwa ikachukue picha kwa "mimi mwenyewe", hujitafuta yenyewe, isipate kitu.

Kuna mtego mbaya zaidi. Anwani ile ya zamani aghalabu hubaki ndani ya makala yaliyohamishwa. Mwenye tovuti akifungua blogu yake mpya kwa tarakilishi ile ile aliyoijengea, kivinjari chake huzikuta picha papo hapo nyumbani na kumwonyesha. Yeye huona kila kitu kikiwa sawa. Ulimwengu mzima huona viboksi vitupu.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuombwa msaada na chama cha wanafunzi wa zamani wa shule moja ya upili. Walikuwa wameskani picha za miaka mingi: timu za kandanda, walimu waliokwisha kufariki, sherehe za kufungua mabweni. Tovuti ilijengwa katika tarakilishi ya maabara ya shule, ikahamishwa. Wanachama walioko ng'ambo waliandika kulalamika kwamba hawaoni picha. Katibu, aliyekuwa akiitazama blogu palepale maabarani, aliwajibu kwamba intaneti yao ndiyo mbovu. Mvutano huo ulidumu hadi likizo, mashine za maabara zilipofutwa ziwekewe programu mpya. Tulipoketi kutafuta kosa, maandishi yote yalikuwapo, pamoja na maelezo chini ya kila picha yenye majina ya waliosimama na waliochuchumaa. Picha zenyewe hazikuwapo tena, na nyingi kati ya zile za karatasi zilikuwa zimerudishwa kwa familia mbalimbali.

Njia za kuepuka balaa hilo ni mbili. Iliyo rahisi ni kuiweka tovuti kwanza katika seva ya hadharani, hata kwa mwezi mmoja, kisha kuihamisha kutoka hapo. Seva hiyo isifungwe kabla ya kuhakikisha kwamba picha zimo ndani ya maktaba ya picha ya huduma mpya, wala si katika makala tu.

Njia ya pili haina gharama ila yahitaji subira. Picha hupakiwa kwanza katika huduma mpya, nayo huzipa anwani zenye mwaka na mwezi wa kupakiwa. Kisha faili ya XML hufunguliwa kwa kihariri cha maandishi matupu (si Microsoft Word, ambayo huweza kubadilisha alama za nukuu na kuiharibu faili), na sehemu ya anwani ya zamani hubadilishwa kuwa mpya kotekote kabla ya kuingiza. Angalia majina yenye vipimo mwishoni, kwa mfano 300x200. Hizo ni nakala ndogo ambazo WordPress ya nyumbani ilijitengenezea, na vipimo hivyo sharti viondolewe ili anwani ielekee picha asilia. Picha mbili zenye jina moja nazo huleta mkanganyiko, kwani ya pili huongezewa tarakimu.

Jina la kikoa nalo lisipuuzwe. Kikundi chenye kikoa chake, tuseme cha .or.ke, kinaweza kubadilisha huduma bila wasomaji kupotea. WordPress.com hutoza ada kuunganisha kikoa. Blogger, inayomilikiwa na Google tangu 2003, haitozi. Mwenye kutegemea anwani ya bure huipoteza siku anapohama au anapohamishwa. GeoCities ilifungwa Oktoba 2009. Windows Live Spaces ya Microsoft ilifungwa 2011, na watumiaji wake wakaelekezwa WordPress.com.

Kabla ya kuitangaza blogu mpya, zima tarakilishi ya nyumbani kabisa. Nenda kwenye saiba, au azima simu ya jirani, na ufungue kurasa zote moja baada ya nyingine. Kila kiboksi kitupu utakachokiona ni picha ambayo bado imo katika mashine uliyoizima. Hadi kiboksi cha mwisho kijae, diski ya mashine hiyo isiguswe.